Taka za nyumbani Bukavu: mwongozo kamili wa kuzipunguza na kuzipa kazi ndani ya parseli

Bukavu ni mji wa miteremko, na anayeishi kwenye mteremko akisema ametupa kitu, kwa kweli amekishusha tu. Mvua ikipiga Kadutu, maji yanateremka mitaroni, yanaingia mto Kawa, yanafika Ziwa Kivu. Sashe (mifuko laini ya plastiki), chupa na ndala zilizokatika zinaelea hadi pale ziwa linapozaa mto Ruzizi, kisha zinashuka hadi kituo cha umeme cha Ruzizi I, kinachofanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Mbele ya mashine kuna vyuma vya kuzuia uchafu, na watu wa kuuvuta. Ukiwazidi nguvu, mashine inasimamishwa. Ndiyo maana mtu anaweza kutupa mfuko mtaroni kule Cimpunda wakati wa mvua, halafu jioni akauliza kwa nini umeme umekatika.

Gari la taka lisingemaliza jambo hili hata kama lingepita kila siku, kwa sababu avenyu nyingi za kwetu ni ngazi na vichochoro. Njia iliyobaki ni kumaliza sehemu kubwa ya taka palepale zinapozaliwa, ndani ya parseli, yaani kiwanja cha nyumba. Pesa hazihitajiki nyingi. Linahitajika sharti moja: kibichi kisilale pamoja na kikavu. Karatasi iliyolowa maji ya maganda haifai tena kwa lolote, chupa iliyopakwa mabaki ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hakuna anayeitaka, na maganda yaliyojaa sashe hayawezi kuwa mbolea. Ukitenga hivi viwili, kila kimoja kinapata kazi.

Anza kwa kumwaga pipa chini

Kabla hujanunua ndoo wala gunia, chukua taka za siku moja uzimwage juu ya turubai kuukuu, mchana, ukiwa na kijiti. Gawa mafungu. Katika nyumba nyingi fungu kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wote, ni la jikoni: maganda ya ndizi, viazi na mihogo, mabua ya lengalenga (mchicha), maganda ya maharagwe mabichi, kokwa za avoka. Linafuata la majivu na vumbi la makala (mkaa). Sashe ni nyingi kwa hesabu lakini hazina uzito. Chupa, makopo, karatasi na vitambaa vinakuja mwisho.

Rudia zoezi hilo mara ya pili, siku nyumba inapofanya soko kubwa, maana siku hiyo picha inabadilika kabisa. Watoto wape kijiti, wataifanya kwa furaha kuliko wewe.

Utakachokiona ni kwamba kinachonuka na kuita nzi ni lile fungu la jikoni peke yake. Ukiliondoa, vilivyobaki vinaweza kukaa ndani ya gunia wiki nyingi bila kumsumbua mtu, na hapo haraka ya kwenda kumwaga mtaroni usiku inaisha yenyewe.

Sokoni ndiko taka inakonunuliwa

Amri ya serikali namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki katika nchi yetu ya Kongo. Nenda soko la Nyawera au la Kadutu uone amri hiyo imefika wapi. Wenzetu wa Rwanda walizipiga marufuku mwaka 2008, na kila anayevuka Ruzizi kwenda Kamembe anajua kwamba sashe inabaki mpakani. Biashara ya kule haijafa kwa hilo. Kwa hiyo usingoje polisi wa sashe. Beba vyombo vyako.

Vinavyotosha ni hivi: kitunga kimoja imara, kopo lenye kifuniko kwa sambaza na nyama, bidoni ndogo ya mafuta ya mawese, na mifuko mitatu au minne ya kitambaa kwa unga, mchele, maharagwe na chumvi. Mifuko hiyo ishone kwa kikwembe kilichochakaa, karibu sentimita 30 kwa 40, yenye kamba ya kufungia mdomo. Kwa unga shona mara mbili pembeni, la sivyo utaacha alama njiani hadi nyumbani.

Siri iko kwenye mkono wa muuzaji. Mama wa sambaza ana rundo la sashe limening'inia kiunoni, na ukimaliza tu kupatana bei, mkono wake umeshachomoa moja na kuipuliza. Ukisema wakati huo umechelewa. Mpe kopo kabla ya bei: "Mama, utanipimia humu." Akizoea uso wako hutasema tena, na wengine wanaongeza samaki kidogo kwa sababu umewaokolea sashe, ambayo nao wanainunua.

Jambo la pili ni vipakiti. Sabuni ya unga, maziwa ya unga, kahawa, vyote tunavinunua kwa vipakiti vidogo kwa sababu pesa ya siku ndiyo hiyo. Simlaumu mtu. Lakini piga hesabu ya vipakiti vya mwezi mzima ulinganishe na bei ya mfuko mmoja mkubwa. Mara nyingi utaona unalipia karatasi yenye kung'aa. Mkiwa na likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu), tengeni zamu moja ya kununua gunia la mchele au katoni ya sabuni na kugawana kwa kopo. Gunia lenyewe litakuwa na kazi baadaye.

Angalia pia chupa za kioo za bia na soda. Ni lini umeona kasha la chupa tupu limetupwa mtaroni? Haitokei, kwa sababu bila chupa tupu unalipa zaidi kupata iliyojaa. Hakuna aliyefundishwa usafi hapo. Chupa ina bei, basi. Ukiweza kuchagua kati ya soda ya chupa ya kioo na ya plastiki, chagua ile inayorudi.

Vyombo vinne na beseni moja

Ndoo yenye kifuniko, lita 10 hadi 20, ni ya maganda. Gunia la kwanza ni la vikavu: chupa, makopo, bidoni zilizopasuka, karatasi na katoni. Gunia dogo la pili ni la sashe na plastiki laini, zikiwa zimesuuzwa na kukaushwa kwenye kamba. Kopo la nne, lenye kifuniko cha kukaza, ni la vitu vya hatari, na linakaa juu mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.

Beseni ni la chuma na ni la majivu. Usimwage majivu ya mbabula (jiko la makala) kwenye gunia lolote siku hiyohiyo, hata kama yanaonekana yamekufa. Kaa dogo linaweza kulala ndani ya majivu usiku mzima likiwa hai, na nyumba zetu nyingi za Kadutu ni za mbao, ukuta kwa ukuta. Yaache yalale mara mbili nje, mbali na ukuta.

Weka kila chombo pale taka yake inapotokea. Ndoo ya maganda ikikaa nyuma ya choo, hakuna atakayeipelekea ganda moja moja. Ikae miguuni pa anayemenya.

Maganda: kwanza mnyama, baadaye udongo

Kama nyumbani au kwa jirani kuna sungura, kobayi, mbuzi au nguruwe, nusu ya kazi imekwisha. Maganda ya ndizi, majani ya viazi vitamu, majani ya kabeji, mabua laini, vyote vinaliwa. Lakini kuna mambo ya kushika. Avoka, iwe ganda, kokwa au majani, usimpe sungura wala kobayi: ina sumu kwao. Viazi vilivyogeuka kijani na machipukizi yake pia hapana. Maganda ya mihogo mibichi, hasa ile michungu, yana sumu ya sianidi; yaanike juani siku kadhaa yakauke kabisa kabla ya kumpa mnyama yeyote.

Yanayobaki yanakuwa mbolea. Wenye shamba wanachimba shimo, lakini katika parseli ya mteremko shimo linajaa maji tangu Septemba hadi Mei na linaweza kuanza kumong'onyoa ukingo. Gunia linafaa zaidi. Chukua yale magunia ya mchele yaliyofumwa, yanayopitisha hewa, mawili: moja la kujaza, moja la kuiva. Yasimamishe juu ya mawe au mbao chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo mvua haiyapigi moja kwa moja.

Chini weka vijiti na mabua makavu kimo cha kiganja. Kisha kila siku: fungu moja la maganda yaliyokatwakatwa, na juu yake mafungu mawili ya vitu vikavu. Vikavu ni majani makavu, nyasi, majani ya migomba yaliyokauka, katoni iliyochanwa, unga wa mbao kutoka kwa seremala. Majani ya mikaratusi tunayo tele, lakini yanaoza polepole na mafuta yake yanasumbua wadudu wadogo wanaofanya kazi, weka machache. Maganda ya mayai yaponde. Majivu yaliyopoa, ngumi moja kwa wiki inatosha, na kwa udongo wetu wa Kivu, ambao sehemu nyingi ni wenye asidi, yanasaidia. Nyama, vichwa vya samaki, mafuta na chakula kilichopikwa visiingie humo, ama utafuga panya.

Funika kila ganda. Nzi akiona ganda juu, hukufunika vya kutosha.

Kila baada ya siku kumi hivi, mwaga gunia juu ya turubai, geuza, rudisha. Kamata konzi moja ukaminye: likitoa matone ni maji mengi, ongeza vikavu, likivunjika kama vumbi, nyunyiza maji, likishikana bila kudondosha, liko sawa. Harufu ya yai bovu ina maana hewa haipiti. Gunia likikaa wiki tatu bila kubadilika, huenda umelinyima maganda mabichi au maji.

Gunia la kwanza likijaa, lifunge uendelee kuligeuza, na uanze la pili. Kwa baridi ya mji huu, ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, hesabu miezi mitatu hadi minne. Mbolea iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo wa baada ya mvua, na hutambui tena ganda lilikuwa la nini. Ukiwa na mashaka, tia konzi moja yenye unyevu ndani ya chupa, ifunge siku tatu, ifungue unuse. Ikinuka vibaya, rudisha.

Kama huna hata mita moja ya bustani, panda kwenye gunia lingine. Changanya kopo moja la mbolea na mawili ya udongo. Toboa kopo la maziwa juu na chini, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze mawe madogo, zungushia udongo, kisha livute juu na urudie hadi gunia lijae. Utabaki na nguzo ya mawe katikati inayopeleka maji hadi chini. Kata matundu ubavuni, kila moja kiganja mbali na jingine, upande lengalenga, seleri na vitunguu majani. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kumwagilia.

Vumbi la makala lisimwagwe

Chini ya kila gunia la makala kuna vumbi. Tunalifagia, tunalitupa. Sehemu ya makala ya mji huu inatoka misitu ya pande za mbuga ya Kahuzi-Biega, kwa hiyo kulitupa ni kutupa mti mara ya pili.

Kusanya vumbi, lichuje kwa chandarua kilichochakaa, vipande vikubwa virudi kwenye mbabula. Kwa makopo kumi ya vumbi, pika uji mzito wa kopo moja la unga wa mihogo. Unga ulioharibika sokoni unafaa na ni wa bei ndogo. Mimina uji ukiwa na moto, changanya kwa mikono ukivaa glavu au sashe zako kuukuu, mpaka ukikamata donge halivunjiki. Donge likimeguka, ongeza uji. Wengine wanatumia udongo wa mfinyanzi badala ya uji: unashika vizuri, lakini ukizidisha unabaki na majivu mengi na moto mdogo.

Kata kopo la nyanya pande zote mbili, lijaze, shindilia kwa kipande cha mti, sukuma donge litoke. Anika juani siku nne hadi saba, ukigeuza. Msimu wa mvua anika juu ya bati chini ya paa na uvumilie wiki mbili. Donge ambalo halijakauka katikati linatoa moshi na kukukatisha tamaa bure.

Madonge haya yanachelewa kushika moto. Weka makala machache chini, madonge juu. Yanafaa sana kwa maharagwe, yaani chakula cha kuchemka polepole. Kwa chai ya haraka asubuhi hayafai. Na moshi usiouona upo, kama kwa makala yoyote: mbabula isilale ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa baridi ya Julai.

Plastiki

Hapa nitasema wazi: plastiki nyingi hutaweza kuimaliza nyumbani, na anayekuambia uichome anakudanganya. Moshi wa plastiki una sumu, na ile ngumu ya mabomba na baadhi ya viatu, yenye namba 3 ndani ya pembetatu, inatoa dioksini inapoungua. Usiitumie hata kuwashia mbabula. Kijiti cha mkaratusi kilichokauka kinafanya kazi hiyo.

Unachoweza ni kuiweka safi na kuipa njia. Chupa safi zenye vifuniko zina soko: wauza mafuta, karanga, juisi na sabuni ya maji wanazihitaji kila siku. Zisuuze, zikaushe, zihesabu kwa kumi kumi, umpelekee muuzaji mmoja anayekujua. Chupa iliyowahi kubeba petroli au dawa ya mimea isiingie humo kamwe. Ikate katikati ili mtu asiitumie. Bidoni iliyopasuka inazibwa na mafundi wa kuyeyusha, na isiyozibika inakuwa beseni, chombo cha kunyweshea kuku au kitalu cha miche. Makopo na vyuma vina wanunuzi wanaopita, uza kwa kilo.

Namba ya pembetatu chini ya chombo inasaidia ukipata mnunuzi: 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni bidoni na chupa za shampuu, 5 ni ndoo na vikopo vigumu. Zitenge, kwa sababu mnunuzi wa plastiki iliyochanganywa anashusha bei ya yote.

Sashe ndizo kichwa ngumu. Safi na kavu zinaweza kukatwa vipande virefu na kusukwa kuwa mikeka, vitunga na kamba. Mama wengi wanajua kazi hiyo. Kuhusu kuzishindilia ndani ya chupa ili chupa iwe tofali, mimi siishabikii kama huna mtu anayejenga: utakuwa umehamisha taka kutoka gunia kwenda chupa, na umeharibu chupa iliyokuwa na soko. Wanaoyeyusha plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kupanga chini wana vifaa vyao. Usijaribu kwenye sufuria ya nyumbani.

Kopo la hatari

Betri za redio na tochi, balbu, vipande vya vioo, nyembe, dawa zilizokwisha muda. Betri zisichomwe wala zisitupwe chooni. Zikae kavu ndani ya kopo lao. Kama kuna mgonjwa anayejidunga nyumbani, sindano ziingie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, si ndani ya sashe, na chupa ikijaa ipeleke kituo cha afya alikoandikiwa dawa, wao wana utaratibu wa sindano. Vioo vifunge ndani ya katoni kabla ya kumpa mbeba taka. Yule kijana anabeba gunia mgongoni.

Parseli yenye wapangaji wengi, na jirani wa juu

Parseli ya milango mitano au sita haiendeshwi kwa mpangaji mmoja mwenye moyo. Itisheni kikao kifupi na mwenye parseli awepo. Mambo ya kukubaliana ni matatu tu: gunia la maganda litakaa wapi, nani analigeuza wiki hii, na pesa ya chupa na vyuma inaenda wapi. Hilo la tatu ndilo linavunja vikao, kwa hiyo lianzeni. Nashauri ilipe mbeba taka wa vile vichache visivyo na njia.

Kabla ya kumlipa mbeba taka, muulize anamwaga wapi, na siku moja mfuate. Kama anamwaga Kawa usiku, umelipa pesa kupeleka taka Ruzizi.

Halafu kuna anayeishi juu yako. Taka zake zinashuka uani kwako kila mvua, na hasira inakuja. Usimwendee siku ya mvua. Nenda siku kavu, mwite kwa jina la mtoto wake kama ilivyo heshima yetu, umwonyeshe gunia lako na mboga zake. Mpe konzi la lengalenga. Mwambie: "Mama, maganda yako naweza kuyapokea, ila sashe ubaki nazo." Wengi wanakubali, kwa sababu unamwondolea kilichokuwa kinanuka.

Akikataa, shefu wa avenyu yupo, na salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya usafi, ndiyo mahali pa kulisema mbele ya wote bila kumtaja. Ombeni pia waya wa matundu ya upana wa vidole viwili uwekwe kwenye mtaro pale unapoingia mtaro mkubwa, ukiegemea kwa mshazari ili maji yapite juu ukijaa. Waya usio na mtu ni hatari kuliko kukosa waya, kwa sababu ukiziba maji yanaingia nyumbani. Pangeni nyumba ya kuusafisha kila baada ya mvua, zamu iandikwe, na karatasi ya zamu ibandikwe mlangoni kwa shefu kabla ya Septemba.